Ukuta wa nyumba yako: nani aliupigia kura?

Maneno tuliyosema katika kikao cha vijana wa kartie. Tunayaweka hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika.



Tunajua wengine waliposikia kama tutazungumza juu ya kanuni za ujenzi, walicheka. Walisema: vita iko, watu wako katika kambi, bei ya unga inapanda, na nyinyi munatuletea habari ya matofali na misumari? Tunawajibu hivi. Vita itaisha siku moja. Siku ile kila aliyekimbia atarudi ku parseli yake, atatafuta mbao, manjanja na simenti, na atajenga haraka haraka mbele ya mvua. Kama siku ile kanuni haiko, au iko imefungiwa ndani ya kabati ya ofisi, tutajenga tena nyumba zile zile zinazotuangukia. Njo maana tunaongea leo.

KOSA LETU

Tuanze na sisi wenyewe. Miaka kadhaa nyuma, katika mji mmoja wa mashariki, wazazi walikuja kutuona juu ya ukuta. Mtu alikuwa amekata mlima ili apate parseli iliyo sawa, akapandisha ukuta wa mawe wa kushikilia udongo. Chini ya ukuta ule kulikuwa shule ya msingi. Ukuta ulianza kupasuka na kutoa tumbo. Tuliandika barua, tukakusanya saini, tukaenda ku ofisi ya kwanza. Walituambia: si sisi, muende juu. Ofisi ya pili: si sisi, mushuke chini. Ya tatu ilitaka makuta kwanza ili barua ipokelewe, na tulikataa. Ya nne ilituuliza swali lililotunyamazisha: "Munaomba kanuni gani ifuatwe? Ilipitishwa na nani? Mwaka gani?"

Hatukuwa na jibu. Tulijua kukasirika, lakini sheria hatukuijua. Ukuta ulianguka usiku mmoja wa mvua na kuvunja vyoo vya shule. Hakuna aliyekufa, kwa sababu watoto walikuwa wamelala kwao. Asubuhi tulisimama pale na barua yetu mkononi, na mama mmoja akatuuliza kama tulikuwa tunangoja nini. Tangu siku ile tuliamua kujifunza sheria hizi zinapitishwa wapi, na nani, na raia anaingilia mlango gani.

KITABU, KURA, MKAGUZI

Kanuni ya ujenzi ni maandishi yanayosema msingi uende chini kiasi gani, nguzo iwe na vyuma vingapi, paa lifungwe na nini, watu watoke wapi wakati wa moto, choo kiwe mbali gani na kisima. Mainjinia njo wanaandika. Lakini maandishi ya injinia hayamlazimishi mtu yeyote. Yanakuwa sheria siku ile wenye mamlaka wanayapigia kura au wanayatia saini. Na sheria ile inafika ku nyumba siku ile mkaguzi anaingia ku shantie na kupima.

Kwa hiyo mujiulize kila mara mambo matatu. Kitabu kiko wapi? Kura ilipigwa wapi? Mkaguzi ni nani?

MAREKANI WANAFANYA NAMNA GANI

Tunaleta mfano wa Marekani. Hatutaki kusema kama kwao kila kitu ni kizuri. Tunauchukua kwa sababu kwao jambo la nyumba za watu liko mikononi mwa majimbo na miji, na mutaona mbele kidogo kama Katiba yetu pia inaelekea njia ile.

Wengi wanafikiri kule Washington iliandika sheria moja na inchi nzima inafuata. Sivyo. Marekani haina kanuni moja ya ujenzi ya inchi nzima. Serikali kuu inashika mambo machache: majengo yake yenyewe, nyumba zinazotengenezwa kiwandani na kubebwa na gari, haki ya walemavu kuingia katika majengo ya watu wote. Yaliyobaki ni ya majimbo 50, na majimbo yanaweza kuyashusha kwa miji na wilaya.

Kitabu chenyewe kinaandikwa na shirika ambalo si la leta, linaitwa International Code Council, lililoanzishwa mwaka 1994. Toleo la kwanza la kitabu chake kikubwa ni la mwaka 2000, na kila miaka 3 linatoka toleo jipya. Mtu yeyote anaweza kupeleka pendekezo: injinia, mzima moto, muuza mbao, raia wa kawaida. Mapendekezo yanajadiliwa mbele ya watu. Kura ya mwisho wanapiga wajumbe wa serikali za miji na majimbo. Muuza simenti anaweza kusema, lakini kura ile haina mkono wake.

Na hata baada ya kazi hiyo yote, kitabu bado si sheria. Kinangoja jimbo au mji ukipokee. Kuna majimbo yanayokipokea kwa watu wote kama kiwango cha chini: mji unaweza kuongeza ukali, hauwezi kupunguza. Kuna mengine yanayoweka sheria kwa majengo fulani tu, kama shule, na kuachia miji nyumba za watu. Kuna pia jimbo kama Missouri, ambalo halina kanuni moja ya kushika jimbo nzima: kila mji unajipangia, na ukitoka mjini unaweza kufika fasi ambapo hakuna kanuni hata moja.

Sasa mji unaipokea namna gani? Ofisi ya ujenzi ya mji inasoma toleo jipya na kuandika mabadiliko inayotaka. Baraza la mji linatangaza siku ya kusikiliza watu. Raia anakuja, anasimama, anasema. Kiisha washauri wa mji wanapiga kura. Sheria yenyewe inaweza kuwa fupi sana: mji wetu unapokea kitabu fulani, toleo la mwaka fulani, pamoja na mabadiliko haya, na inaanza tarehe fulani. Lakini ndani ya mabadiliko yale njo kuna vita. Kila chuma cha ziada ni makuta. Makampuni ya ujenzi hayakosi ku kikao, yanakuja na wanasheria wao. Anayekosa mara nyingi ni mpangaji, ule atakayelala chini ya dari lile.

CALIFORNIA: MIJI ILITANGULIA

Tarehe 29 Juni 1925 tetemeko lilipiga Santa Barbara, katika jimbo la California. Mji haukungoja jimbo. Mwaka ule ule ulibadilisha kanuni zake za ujenzi ili nyumba ziweze kushindana na mtikisiko, na Palo Alto pia ilifanya hivyo. Miji mingine mingi iliendelea kujenga kama kawaida.

Tarehe 10 Machi 1933, karibu saa 12 ya magaribi, ikawa zamu ya Long Beach. Zaidi ya watu 100 walikufa. Shule nyingi za matofali zilianguka au ziliharibika vibaya, lakini watoto walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani. Wazazi walitazama madarasa yale na walielewa ingekuwa nini kama ingekuwa saa 4 ya asubuhi. Sisi tuliosimama mbele ya vyoo vile vilivyovunjika, tunawaelewa wazazi wale.

Wao hawakuzungushwa. Tarehe 10 Aprili 1933, mwezi mmoja kamili, jimbo lilikuwa na sheria mpya juu ya shule za leta, inayoitwa Field Act: ramani ya kila shule ipitiwe na ofisi ya jimbo, na kazi ikaguliwe wakati wa kujenga. Mwaka ule ule ilikuja sheria ya pili, Riley Act, na hii tunapenda muikumbuke zaidi. Ililazimisha kila mji na kila wilaya ya California kuwa na ofisi ya ujenzi yenye kukagua nyumba mpya. Jimbo lilielewa kama kanuni bila ofisi ya kuifuatilia ni karatasi tu. Tena lilielewa kama liwali hawezi kutembelea kila shantie. Mtu wa kutembelea lazima awe karibu.

FLORIDA: KANUNI IKO, MISUMARI HAIKO

Mfano wa pili ni Florida, na unafundisha upande mwingine. Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa jimbo lile. Maelfu ya nyumba yalipoteza paa au yalianguka kabisa. Kumbe sehemu ile ilikuwa na kanuni ya ujenzi iliyosifiwa kuwa kati ya kali za Marekani! Wakaguzi walipopanda juu ya mabomoko walikuta mbao za paa ambazo hazikupigiliwa sawasawa. Kanuni ilisema moja, fundi alifanya lingine, na aliyepaswa kuona hakuona.

Jimbo lilikuwa na kanuni mbalimbali, mji na mji na yake. Baada ya mabishano ya miaka mingi, bunge la Florida lilipitisha mwaka 1998 sheria ya kuwa na kanuni moja ya jimbo zima, na ilianza kazi tarehe 1 Machi 2002. Mji wa Florida bado unaweza kuongeza masharti yake kwa sababu ya hali ya mahali, lakini baada ya kikao cha watu wote, na kwa kukaza tu. Kulegeza hairuhusiwi.

Hesabuni: kutoka kimbunga mpaka kanuni kuanza, karibu miaka 10. California ilitumia mwezi mmoja. Pesa zilikuwako pande zote mbili. Kilichotofautiana ni nguvu ya watu waliosukuma, na upinzani waliokutana nao.

NA SISI KONGO?

Hapa njo kwetu, na hapa mufungue masikio.

Msingi wa sheria yetu juu ya mipango ya miji ni dekreti ya tarehe 20 Juni 1957. Musikie vizuri mwaka ule: mbele ya uhuru. Iliandikwa kwa miji ya wakati wa Wabelgiji, na miji ile leo imejaa mara nyingi kupita ilivyopangwa. Juu ya dekreti ile waziri baada ya waziri ameongeza amri yake, ile ya mwaka 2013 ikiwemo, inayopanga ruhusa ya kujenga. Kwa hiyo mtu akikuambia kama Kongo haina sheria hata moja juu ya ujenzi, umkatalie. Iko. Lakini imeshuka kutoka Kinshasa kwa saini ya waziri, na kijana wa Beni, wa Uvira au wa Kalemie hajawahi kuulizwa neno juu yake.

Sasa chukueni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 203 kinasema utengenezaji wa eneo la inchi ni kazi ya pamoja ya serikali kuu na majimbo. Kifungu cha 204 kinahesabu mambo ambayo ni ya jimbo peke yake, na ndani yake munakuta makao ya mjini na ya kijijini, barabara na vifaa vya pamoja vya jimbo na vya mahali. Peke yake! Bunge la jimbo linaweza kutunga sheria ya jimbo, ile inayoitwa edi, juu ya makao. Kifungu cha 205 kinaweka mpaka: katika mambo ya pamoja, edi inayopingana na sheria ya inchi haina nguvu. Kwa hiyo jimbo haliwezi kuvunja kilichowekwa na Kinshasa, lakini linaweza kujaza pale Kinshasa haikufika.

Chini ya jimbo iko sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi. Inawapa mabaraza yao kazi za karibu na raia: njia za kartie, mifereji ya maji, usafi, masoko. Lakini komini ilikaa miaka na miaka bila baraza. Tangu sheria ile kutoka, mara ya kwanza raia kupigia kura washauri wa komini ilikuwa tarehe 20 Desemba 2023, tena katika sehemu ya komini tu. Yaani ngazi ile ambayo kule Marekani raia anasimama na kusema juu ya ukuta wa jirani, kwetu ndiyo kwanza inaanza kuzaliwa.

Sasa munaona kosa la barua yetu. Tulikuwa tunaomba mkaguzi fasi ambapo hakukuwa na edi ya kumtuma, na tulikuwa tunaomba edi kwa mtu asiye na kura. Mlango wa edi ni bunge la jimbo. Mlango wa mfereji na njia ni komini na mji. Mlango wa kanuni ya inchi nzima ni waziri na bunge la Kinshasa.

MAMBO AMBAYO KITABU CHA NJE HAKIJUI

Kuna watakaosema: basi tuchukue kitabu cha Ulaya au cha Marekani, tukipitishe, kwisha. Hapana. Hata miji ya kule inakibadilisha kabla ya kukipokea, na sisi tuko na sababu zaidi.

Kitabu gani cha nje kinajua mazuku? Watu wa Goma na Sake wanajua. Ni ile hewa nzito inayotoka ardhini na kulala katika mabonde, haionekani, inaua mbuzi asubuhi na mtoto pia. Kanuni ya mahali inapaswa kusema ni wapi mtu asichimbe chumba cha chini, na wapi asilale karibu na udongo. Goma imeona moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021, na mara ya pili matetemeko yalifuata siku nyingi, kuta zikapasuka. Bukavu iko na mitelemko: pale swali la kwanza ni ukuta wa kushikilia udongo na njia ya maji, na la pili ni nafasi kati ya nyumba na nyumba, kwa sababu moto ukiwaka Kadutu gari la zimamoto halina pa kupita. Bukavu pia inakumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lililoua watu pande zote mbili za Ruzizi. Uvira iliona mito ikiingia ndani ya nyumba mwezi wa Aprili 2020. Na Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, maji na mawe vilifuta Bushushu na Nyamukubi, zaidi ya watu 400 walikufa. Kwa maji ya namna ile hakuna ukuta unaosaidia. Pale kanuni ya kwanza ni wapi mtu asijenge, na ya pili ni leta imwonyeshe atajenga wapi.

WOGA WA KUBOMOLEWA

Mama mmoja alituambia wazi: "Wanangu, mukileta sheria hiyo, watakuja kunibomolea nyumba yangu ya mbao." Woga wake una sababu. Tumeona sheria ikitumiwa kumtoa maskini na kumwachia tajiri aliyejenga juu ya mfereji.

Kwa hiyo tunasema mapema: kanuni inayojua beto tu ni kanuni ya kuwafanya watu wengi wavunja sheria kwa siku moja. Nyumba ya mbao, ikifungwa vizuri, ni nyepesi, na katika tetemeko mara nyingi haiui kama ukuta wa matofali uliojengwa vibaya. Adui yake ni moto. Basi kanuni iandike nyumba ya mbao ijengwe namna gani: jiko likae wapi, nyaya za umeme zipite wapi, nafasi gani ibaki kati yake na ya jirani. Tena ianze kwa majengo ambayo watu wengi wanaingia bila kuchagua: shule, hospitali, makanisa, masoko, nyumba za gorofa za kupangisha. Mjane wa nyumba ya vyumba viwili apewe ushauri na muda, asipewe tingatinga.

KAZI YETU

Tusitoke hapa na maneno matupu. Tunajipa kazi hizi, sisi na nyinyi.

1. Kila kikundi cha kartie kitembee na daftari kwa mwezi mmoja. Tuandike shule na masoko yaliyo chini ya ukuta uliopasuka, mfereji uliojengwa juu yake, jengo lisilo na mlango wa pili. Tarehe na picha. Bila kumtukana mtu, bila kuingia kwa mtu kwa nguvu.

2. Tuombe kwa maandishi, ku divizio ya mipango ya miji, nakala ya maandishi wanayotumia kutoa ruhusa ya kujenga, pamoja na bei halali. Raia anayejua bei hawezi kudanganywa ku dirisha.

3. Tuandike petisheni kwa bunge la jimbo, tukitaja kifungu cha 204, tuombe edi juu ya usalama wa majengo ya watu wote na ofisi ya ukaguzi katika kila mji. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka petisheni, kinalazimisha mamlaka kujibu kwa miezi 3, na kinakataza mtu kushtakiwa juu ya kuipeleka. Siku ya kuipeleka tutaandika tarehe, na tutahesabu.

4. Mbele ya kura, tuombe wabunge waketi siku moja na mafundi, mainjinia, wapangaji, walemavu na watu wa zimamoto, milango wazi.

5. Maandishi yatoke pia kwa Kiswahili. Kifungu cha 142 kinaagiza sheria za inchi zitangazwe kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha 4 za taifa ndani ya siku 60. Fundi wetu anapima na kamba na anaongea Kiswahili. Tunataka edi imfikie katika lugha ile.

Wabunge wa jimbo walikuja kuomba kura zetu hapa hapa, katika uwanja huu. Tunajua majina yao na tunajua ofisi yao. Safari hii hatutaenda na hasira tu. Tutaenda na kifungu, na daftari, na orodha ya shule.

Ukuta ule tuliowaambia ulijengwa tena. Ni mawe yale yale, fundi ni ule ule, na hakuna mtu aliyepima. Watoto wanasoma chini yake sasa hivi tunapoongea. Jumamosi asubuhi tunaanza daftari pale. Anayekuja, aje na kalamu.